Wanafunzi wangu wanaigiza utumwa mbele ya watalii. Tuendelee au tuache?

*Shikamoo mtaalamu. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili katika sekondari moja huku Mikindani, na ndiye mlezi wa klabu ya sanaa. Mwaka jana kampuni moja ya utalii ilituomba tuandae mchezo mfupi wa kuigiza kuhusu biashara ya watumwa, uchezwe nje ya jengo la zamani linalotajwa kuwa lilikuwa soko la watumwa, kila basi la wageni linapofika. Tukatafuta minyororo, tukashona maleba, vijana wakafanya mazoezi kwelikweli. Wageni wanalia, wanapiga picha, wanatoa chochote. Juzijuzi bibi mmoja wa mtaani alisimama katikati ya mchezo akasema, "Mnamchezea nani hapa?" Akaondoka analia. Mzazi mmoja ameniambia binti yake, anayecheza mama anayenyang'anywa mtoto, anaweweseka usiku. Vijana waliocheza watumwa nao wameanza kuitwa "mtumwa" madarasani. Mwenyewe nakumbuka nilivyopiga picha huku nacheka pale Mwembe Kinyonga, Kilwa Kivinje, mwembe ambao Wajerumani waliwanyongea watu, naona haya. Je, ni halali kutazama mateso ya watu kama burudani, tena kwa malipo? Tuache? Mwezi ujao kuna basi lingine.*

Marahaba, mwalimu. Swali lako la halali na haramu nitalijibu, lakini naanza na jambo ulilolipitia kwa sentensi moja: vijana wanaoitwa "mtumwa" madarasani. Mengine yote yanaweza kungoja kikao. Hilo halingoji.

Unaijua pwani hii. Tusi hilo halikuzaliwa kwenye mchezo wenu. Lilikuwepo, limelala, nanyi mmeliamsha. Sheria iliyofuta utumwa Tanganyika ilipitishwa mwaka 1922, chini ya Waingereza. Piga hesabu mwenyewe: mzee mwenye miaka 80 leo, bibi yake huenda alizaliwa wakati mtu bado anaweza kumilikiwa na mtu. Huo si umbali mkubwa. Mikindani, Lindi, Kilwa Kivinje, kuna nyumba zinazoijua asili yao na hazisemi, na kuna nyumba zinazoijua asili ya jirani na huisema siku ya ugomvi tu. Wajukuu wa waliouzwa na wajukuu wa waliouza wameoana, wanaswali safu moja, wanazikana. Amani hiyo kwa sehemu kubwa imejengwa juu ya kunyamaza. Sisemi kunyamaza ni kuzuri siku zote. Nasema anayevunja kimya hicho ajue anavunja nini, na awe na kitu cha kuweka mahali pake.

Kwa hiyo nakuuliza: uligawaje nafasi? Mara nyingi nimeona waongozaji wakigawa kwa sura. Kijana mweusi zaidi, mwenye jina la bara, anapewa mnyororo. Mwenye nywele laini anapewa kanzu na bakora. Hakuna anayekusudia ubaya, lakini darasa zima limeshaambiwa nani alikuwa nani, na kilichoambiwa si kweli. Misafara iliyoshuka kutoka upande wa Ziwa Nyasa kuja Kilwa na bandari hizi za kusini iliongozwa kwa sehemu kubwa na wafanyabiashara wa Kiyao, watu wa bara. Pwani walipokelewa na Waswahili na Waarabu, na mtaji mwingi ulikopeshwa na matajiri wa Kihindi. Wazungu nao hawakuwa watazamaji: mwaka 1776 Mfaransa aitwaye Morice aliandikiana mkataba na Sultani wa Kilwa wa kupatiwa watu 1,000 kila mwaka, kwa ajili ya visiwa walivyovitawala Wafaransa katika Bahari ya Hindi. Mtalii anayelia mbele ya wanafunzi wako akiamini anatazama hadithi ya Waarabu na Waafrika, hakuelezwa kwamba nchi za kwao nazo zimo.

Zungumza na mkuu wa shule wiki hii. Tusi hilo lipigwe marufuku waziwazi, kwa maelezo, si kwa viboko. Ingia madarasani na hadithi nzima ya biashara ile, ili hakuna mtoto atakayebaki amebeba peke yake upande mmoja wa kamba.

Sasa swali lako kuu. Augustino, askofu wa Hippo huko Afrika ya Kaskazini, aliliuliza zaidi ya miaka 1,600 iliyopita: inakuwaje mtu aende kwenye maonyesho kutafuta huzuni, tena kwa mambo ambayo mwenyewe asingependa yamfike? Aliona haya kama wewe. Lakini kutazama mateso yaliyoigizwa si dhambi kwa yenyewe, na anayefurahia mchezo wa kuhuzunisha hafurahii mateso. Kinachotokea ni hiki. Mwili wa mtazamaji unapokea tukio karibu kana kwamba ni la kweli: koo linakaba, moyo unaenda mbio, machozi yanatoka. Wakati huohuo akili inajua kwamba pale ni jukwaani, kwamba huyu aliyepigwa atainuka na kwenda kunywa chai. Kati ya mwili unaoamini na akili inayojua kuna nafasi, na ndani ya nafasi hiyo mtu anaweza kulitazama jambo ambalo angelikuta barabarani angekimbia. Raha tunayoipata ni ya kuweza kutazama hadi mwisho bila kuvunjika, na ya kuelewa. Mwanafalsafa wa Kigiriki Aristotle aliiweka tanzia, yaani mchezo wa kuhuzunisha, juu ya hisia mbili, huruma na hofu, na zote mbili zinahitaji nafasi hiyo ili zifanye kazi.

Nafasi hiyo ndiyo nataka uishike, maana shida zote ulizonitajia zimetoka hapo. Mgeni aliyeshuka kwenye basi anayo, tena kubwa kuliko inavyofaa. Bibi wa mtaani hana hata kidogo. Binti yako wa klabu alikuwa nayo, akaipoteza katikati ya kazi.

Wagiriki wa kale waligundua jambo hili kwa njia ngumu. Mwaka 494 kabla ya Kristo Waajemi waliuteka mji wa Miletos, ndugu wa Waathene. Muda mfupi baadaye mtunzi Phrynichos akautoa msiba ule jukwaani Athens. Mwanahistoria Herodotus anaandika kwamba ukumbi mzima uliangua kilio, na mtunzi akatozwa faini ya drakma 1,000 kwa kuwakumbusha watu msiba wao wenyewe. Mchezo ule ukapigwa marufuku. Miaka mingi haikupita, mwaka 472, mtunzi mwingine, Aiskhylos, akaonyesha hukohuko Athens maombolezo ya Waajemi walioshindwa vitani, akapewa ushindi. Mji uleule, kilio kwenye michezo yote miwili. Tofauti ilikuwa msiba ni wa nani, na umekaa umbali gani na aliyeketi kutazama.

Usidhani ni mambo ya kale. Mwaka 2014, kwenye kumbukumbu ya miaka 20 ya mauaji ya kimbari ya Rwanda, katika uwanja wa Amahoro mjini Kigali, yale mauaji yaliigizwa kiwanjani mbele ya maelfu ya watu, wengi wao manusura. Walianza kupiga mayowe, mmoja baada ya mwingine, wakabebwa kutolewa nje. Ila wenzetu walijua yatakuja, wakapanga wahudumu wa kuwapokea watu hao na kukaa nao. Wewe bibi alipoondoka analia, nani alimfuata?

Na kuna hili la mahali. Ukumbi wa shule una pazia, una viti, una "hapo zamani". Vyote hivyo vinamwambia mtazamaji kwamba hapa tunaigiza. Mahali penyewe pa tukio panasema kinyume: hapa ndipo, hatuigizi, simama kwa adabu. Mtu akifika pale anataka kunyamaza, kusoma, kugusa ukuta, kuomba dua. Mkiweka mchezo juu ya mahali penyewe mnampa amri mbili zinazopigana, na asiyejua afanye nini mikono yake huishika simu. Ndiyo maana wanapiga picha. Si kwamba wote hawana haya. Mmewaweka mahali ambapo hawajui wamekuja mazishini au tamashani.

Utaniambia: lakini mchezo ukiwa halisi zaidi ndivyo wanavyoelewa zaidi. Hapa ndipo walimu wengi wazuri wanapoteleza. Tanzia ya Kigiriki kwa kawaida haikuua mtu mbele ya macho ya hadhira. Mjumbe alikuja akasimulia, na masimulizi yale yalitisha kuliko upanga. Nenda Mkunazini, Unguja, mahali lilipokuwa soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873. Pale nje ya kanisa kuna shimo, na ndani yake sanamu tano za zege zilizotengenezwa na msanii Clara Sörnäs mwaka 1998, mnyororo shingoni. Hakuna anayepigwa, hakuna anayelia. Wamesimama tu, na wewe uliye juu unajikuta umewainamia kama mnunuzi alivyowainamia. Hapo umeulizwa swali na sanamu. Kijana wako anayeburutwa huku anapiga kelele hamwulizi mgeni chochote. Anamwomba machozi, na mgeni anayatoa.

Machozi hayo usiyafanye kipimo. Mwanafalsafa Rousseau aliandika mwaka 1758 kwamba mtu akishalia ukumbini hujiona ameshatimiza wajibu wake kwa wanadamu, bila kutoa kitu kingine. Nakubaliana naye kwa kiasi kikubwa, hasa kwa wageni wanaokaa mahali nusu saa. Kipimo chenu kiwe alichouliza mgeni baada ya mchezo, na kama ameondoka anajua jambo ambalo hakulijua.

Ukitaka mfano wa nyumbani, tazama alichofanya Ebrahim Hussein katika tamthilia yake *Kinjeketile* ya mwaka 1969. Vita vya Maji Maji vilianzia Umatumbi, Julai 1905, watu walipong'oa pamba ya Mjerumani. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, mganga aliyegawa maji yaliyosemwa kuzuia risasi, akanyongwa Mohoro mwezi uliofuata. Wajerumani walichoma mashamba na maghala, njaa ikaua wengi kuliko risasi. Makadirio ya vifo yanaanzia 75,000 na kufika 300,000. Mwandishi mwingine angetujazia jukwaa maiti na kitanzi. Hussein alitueleza wazi kwamba Kinjeketile wake ni wa kubuni, si yule wa historia, kisha akatuachia mtu aliye mikononi mwa adui anayetakiwa atamke kwamba maji yalikuwa uongo, naye hakubali. Unatoka ukumbini unabishana na jirani yako kama alifanya vyema. Hicho ndicho ninachokitaka kwa vijana wako, na wanakiweza.

Kuhusu haki ya kusimulia, huku kwetu hatuhitaji kanuni za kuazima. Tunazo za msibani. Ukifika kwenye msiba wa watu hupangi wewe nani alie na saa ngapi. Kilio huanza mfiwa ndipo wa mbali wakaingia. Unatoa pole, unakaa ulipoonyeshwa, unasaidia kuchota maji au kubeba viti, unatoa rambirambi kwa anayekusanya, humpigi mfiwa picha. Mgeni wa mbali anakaribishwa, na wala haulizwi kama alimjua marehemu. Lakini msiba una wenyewe. Bibi alipouliza "Mnamchezea nani hapa?" aliuliza swali la mwenye msiba aliyekuta kilio kimeanzishwa na watu wa kukodi, yeye hajaambiwa.

Kwa hiyo kabla ya lolote, nenda kwake. Usiende na barua ya shule wala na kundi la vijana. Nenda jioni, na mtu anayeheshimika mtaani, mwanamke mzima ingefaa zaidi, mpeleke salamu, mwambie mmekosea kutouliza. Usimhoji asili yake. Akitaka kusema atasema, na pengine hatasema kamwe. Hiyo ni haki yake. Baada ya hapo ongea na wazee wengine wa mtaa na wa misikiti, waeleze mnachofanya na pesa zinakwenda wapi. Wakisema hapana, ni hapana.

Pesa zenyewe si najisi. Msiba nao una gharama, na mtaa wenye urithi mzito kama huu una haki ya kula kwa urithi wake kuliko kuuacha uliwe na wenye mabasi. Ninachotaka kujua ni mgawo. Kampuni inatoza wageni kiasi gani kwa kituo hicho? Shule inapata nini? Kijana aliyevaa mnyororo juani anapata soda? Mtoto anayefanya kazi ya kuingiza mapato ya mtu mwingine chini ya jina la klabu, anafanya kazi. Hilo liwekwe kwenye maandishi, bodi ya shule ilijue, wazazi watie saini.

Njia zilizo mbele yenu naziona hivi. Kuacha kabisa ni rahisi na hakuna atakayewalaumu, lakini naona hasara: wageni wataendelea kuja, na hadithi itabaki kwa waongoza watalii, ambao baadhi yao husimulia wanachodhani mgeni anataka. Unguja wanahistoria wamehoji kwa muda mrefu kama vyumba vya chini vinavyoonyeshwa kuwa mahabusu ya watumwa vilijengwa kweli kwa kazi hiyo, au ni vya wamisionari waliokuja baada ya soko kufungwa. Wageni wanaendelea kushushwa humo. Uongo wa aina hiyo ni hatari, kwa sababu siku mtu akiugundua atatilia shaka hata yaliyo kweli.

Kuendelea kama mlivyo siwezi kukushauri.

Ningechagua kuvitenganisha viwili hivi. Pale kwenye jengo pasichezwe kitu. Mwanafunzi mmoja au wawili wa kidato cha juu, wamevaa sare yao ya shule, wasimulie kwa sauti ya kawaida kinachojulikana, kisha wageni waachiwe dakika chache za kimya, simu mfukoni. Mchezo uhamie ukumbini au chini ya mti shuleni, uandikwe upya bila mnyororo na bila kuburutana. Unaweza kuwa mchezo wa sasa: familia ya Mikindani inapanga harusi, mzee mmoja anakataa mkwe kwa sababu ya asili yake, na vijana wanadai waambiwe kwa nini. Utumwa upo humo mzima, na hakuna anayepiga magoti. Sanaa yetu ya kusini imezoea njia hii ya mkato: Wamakonde kwenye mapiko, ngoma yao ya vinyago vya kuvaa usoni, wamekuwa wakivaa sura za wageni na watawala, wakawasema bila kumtaja mtu. Mkibaki na muda, fanyeni mchezo shirikishi, hadhira isimamishe tendo na kupendekeza mhusika afanye nini. Mgeni aliyeombwa ajibu hawezi kujificha nyuma ya machozi. Na kabla ya yote onyesheni kwanza kwa watu wa mtaa, bure, bila mgeni hata mmoja.

Binti anayeweweseka asicheze tena nafasi ile, hata kama yeye mwenyewe anaomba aendelee. Mtazamaji anakaa akitazama, lakini mwigizaji anapiga magoti kweli, anapiga yowe kweli, mikono inamshika kweli, na mwili wa mtoto unayaweka hayo kama mambo yaliyompata. Ndiyo maana waigizaji wa kazi huvua uhusika kila wanapomaliza: wanavua maleba palepale, wananawa uso, kila mmoja anatamka jina lake na kitu atakachofanya jioni hiyo nyumbani, wanacheka kidogo, ndipo wanatawanyika. Nina hakika vijana wako walikuwa wanatoka mnyororoni wanaingia darasani. Anzeni hilo hata kwenye mazoezi. Pia mwalimu wa kike wa malezi amuulize taratibu kama kuna jambo lake mwenyewe limeguswa, kufiwa, kutenganishwa na mama, kuguswa vibaya na mtu. Mara nyingine nafasi humchagua mtoto kwa sababu ambazo mwongozaji hazijui. Ndoto zikiendelea zaidi ya mwezi, au kabla ya hapo akianza kukataa kula, kukwepa shule, kukojoa kitandani, kushtuka ovyo, aonwe na mtaalamu ana kwa ana: anzeni kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri, au hospitali ya rufaa ya mkoa, Ligula. Akisema anataka kufa au kujidhuru, mpelekeni siku hiyohiyo. Namba 116 ya huduma kwa mtoto hupigwa bure, na wewe mwalimu unaweza kuipiga kuomba ushauri.

Na picha yako ya Mwembe Kinyonga. Futa ukitaka, lakini sioni kosa kubwa. Watu hutabasamu mbele ya kamera kwa mazoea, tena penye uzito hutabasamu zaidi kwa kutojua wafanye nini. Ninachokuomba ni kurudi siku moja na wanafunzi, wakiwa wameshasoma kwamba Hassan bin Omari Makunganya alinyongwa Kilwa Kivinje na Wajerumani mwezi Novemba 1895, kwamba yeye na wenzake walipigana na utawala mpya miaka kumi kabla ya Maji Maji. Ukisimama pale unajua umesimama kwa nani, mikono itajua yenyewe iwekwe wapi.

Basi la mwezi ujao: waandikie kampuni leo, usingoje. Waambie mchezo umesitishwa, na kwamba mnaweza kutoa msimulizi mmoja kwenye jengo na mazungumzo shuleni kama wazee watakubali. Nakala mpe afisa utamaduni wa halmashauri, na umwombe awepo mtakapokaa na kampuni, maana kwenye suala la kutumia jengo la kale kwa shughuli za biashara na Idara ya Mambo ya Kale ina neno lake. Wakisema wageni walishalipia mchezo, hilo ni deni lao kwa wageni wao, si lako wala la wanafunzi.